Neno Ambalo Sikulisahihisha

Majengo, Moshi
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Efraimu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Elizabeth na watoto, na maji ya mfereji yawe yanafika kwenye vitunguu vyako huko Kahe bila ugomvi na majirani. Mimi huku sijambo, isipokuwa mgongo, ambao kiti cha ofisini kinaumaliza taratibu. Najua utaigeuza bahasha hii mara nyingi kabla ya kuifungua. Zama hizi hata mchungaji hututumia mahubiri kwa simu, nani tena anaandika barua ya mkono? Lakini simu yako huita mpaka ikachoka yenyewe, na siku ukipokea unasema mtandao mbovu, tutaongea. Barua haina mtandao. Nimempa Wilson, yule dereva wa lori la vitunguu, na nimemwapisha akukabidhi mkononi. Hata hivyo angalia gundi vizuri kabla hujaifungua, kwa sababu Wilson husoma mpaka karatasi iliyofungiwa vitumbua, na mimi simwamini.

Nyumbani Mwika hawajambo. Shangazi Eliona bado anakaa pale kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, na bado anagombana na ng'ombe kana kwamba ni mkwe wake. Mvua imekuja vizuri, ndizi zipo, na juzi nilipopanda alinipikia kiburu cha ndizi na maharage, nikala mpaka nikaona aibu. Aliniuliza habari zako. Nikamwambia upo. Akasema hata mawe yapo.

Sasa nikueleze jambo lililonikaa kooni tangu masika. Ni refu, kwa hiyo tafuta kivuli.

Unajua kazi yangu. Nachapa hati za kiapo kwa wakili, watu wanaapa mbele yangu kutwa, na nimejifunza kwamba anayeapa kwa sauti kubwa ndiye wa kuangaliwa. Kazi hiyo imenifanya niwe mtu wa kushuku, nakubali. Muuza maziwa akinisalimia kwa furaha sana, napima maziwa. Ndiyo maana nilipojiunga na kikundi cha uandishi hapa mjini nilikaa karibu na mlango. Tunakutana Jumamosi katika chumba cha juu cha duka moja la vitabu, na anayetuongoza ni Mwalimu Antoni, mstaafu wa Kibosho aliyefundisha Kiswahili sekondari mpaka nywele zikamwisha. Huyu mzee anawajua waandishi mashuhuri wote, wa pwani na wa bara, walio hai na waliokufa, na huwataja kana kwamba ni majirani waliomwazima jembe. Anatusomea kurasa zao, kisha anatuuliza mwandishi amefanya nini hapo, na tukimwambia ametuhuzunisha anasema hapana, hilo ni jambo lililokupata wewe, mimi nauliza yeye amefanya nini. Ametufundisha tusiseme mtu ana huzuni bali tuangalie mikono yake inashika nini. Nilipenda sana somo hilo. Kuangalia mikono ya watu nilikuwa nimeshaanza zamani.

Lakini siku moja akasema neno lililoniharibia usingizi. Alisema mwandishi wa kweli ni mwizi, na wizi wake wa kwanza hufanyika nyumbani kwao. Wenzangu wakacheka na kuandika. Mimi nikawatazama mmoja mmoja nikijiuliza, na akimaliza kwao ataingia nyumba ya nani?

Wenzangu wenyewe ni watatu wa kudumu, wengine huja wakaenda. Yupo Davis, mtoto wa jirani yetu wa chini kule Mwika, ambaye siku hizi ni kiongozi wa wapanda mlima na anaandika hadithi ambazo kila mtu ndani yake anapanda kitu. Yupo Stella, muuguzi, yule aliyekuwa akipita kumwona Mama alipoanza kupotewa na kumbukumbu. Na yupo Mwantum, mama wa Pasua anayeuza mapazia na mashuka, msomaji kuliko sisi sote, mtu wa maneno machache. Maneno machache nayo huwa yananitia wasiwasi.

Tukakubaliana kutoa kitabu cha hadithi za watu wa huku kwetu, mjini na mlimani. Tangazo likapelekwa redioni. Yeyote aandike hadithi yake, asiweke jina lake bali jina la kujificha, aipeleke kwa mchapaji. Na mtangazaji, kwa kupenda kwake maneno, akanitaja kirefu: Yuditha wa Mwika, anayechapa karibu na mahakama. Nilikasirika kutajwa hivyo, nikasema sasa kila mwenye shida ataniletea. Weka jambo hilo akilini, nitalirudia.

Hadithi zikaja. Nyingi zilikuwa za majambazi na za wasichana wanaorogwa, nikazichapa huku nakunywa chai. Kisha siku moja mlinzi akanipa bahasha ambayo hakumbuki aliyeileta. Ndani mlikuwa na kurasa zilizochapwa steshenari kwa haraka, mistari imepanda na kushuka. Jina la kujificha lilikuwa Mwana wa Mfereji. Na kichwa cha hadithi kilikuwa neno moja: Nisahau.

Kaka, chai ilinipalia.

Unajua kwa nini, lakini nitaeleza, maana Wilson asiposoma atasoma mwingine. Mama yetu alizaliwa katika Kichagga akahamia katika Kiswahili akiwa mtu mzima, na kuna mizigo miwili ilichanganyika njiani. Kwake yeye kusamehe na kusahau lilikuwa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa kusahau. Tulipovunja kile kibuyu cha maziwa ulinisukuma mbele kwa kuwa mimi ni mdogo, nikapiga magoti nikasema, Mama tusahau, naye akatuchapa kwanza ndipo akasema haya, nimewasahau. Kanisani katika Sala ya Bwana sauti yake ilisikika juu ya wote akiomba tusahauliwe makosa yetu kama sisi tunavyowasahau waliotukosea. Baba alijaribu kumrekebisha. Akajibiwa kwamba aliyesamehe na bado anakumbuka, huyo amesamehe nini? Baba akanyamaza, na nyumba nzima ikabaki na neno la Mama. Hata mimi shuleni niliandika kwenye mtihani kwamba Mungu husahau wenye dhambi, mwalimu akachora alama nyekundu mpaka karatasi ikatoboka.

Neno hilo sasa lilikuwa mezani kwangu, mbele ya mashine yangu, limeandikwa na mtu asiye na jina. Nikasoma kurasa za kwanza. Hadithi ilimhusu binti. Binti huyo aliuza ng'ombe wa marehemu baba yake siku mama yake yuko kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mama akarudi akakuta zizi tupu. Akamwambia binti asikanyage tena pale, na binti akaondoka. Yule mama wa kwenye hadithi aliposamehe alisema nimekusahau. Alipiga ulimi kama Mama yetu kabla ya kusema jambo. Alifunga khanga kiunoni kama yeye, fundo upande wa kushoto.

Nikaacha kusoma hapo hapo. Kwanza nilidhani naumwa. Kisha hasira ikaja. Mtu amemwiba Mama yangu, nikasema, na hajatosheka, amenibandika na mimi. Katika nyumba ile binti ni mmoja tu, ndiye mimi, na mimi sijawahi kuuza hata kuku. Watu wa Mwika wakikisoma kitabu hiki watasema kumbe Yuditha ndiye aliyemvunja mama yake moyo, tulikuwa tunamsingizia Efraimu bure. Unisahau kwa kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyowaza.

Nikaanza kumtafuta mwizi. Davis alikuwa wa kwanza, kwa kuwa kanisani familia yake ilikaa benchi la nyuma yetu, na sala ya Mama aliisikia tangu utotoni. Stella alikuwa wa pili, kwa kuwa aliingia chumbani kwa Mama nikiwa sipo, na wagonjwa husema mengi. Mwantum nilimweka wa tatu kwa sababu tu sikuwa na sababu, na mtu wa namna hiyo ndiye hukuponyoka.

Nikawatega. Nilimwambia Davis, kama mtu anayezungumza tu, kwamba Mama aliwahi kufuga ng'ombe mwenye pembe moja. Stella nikamwambia Mama alikuwa akinusa ugoro nyuma ya jiko asimwone mchungaji. Mwantum nikamwambia Mama aliogopa paka. Yote uongo, Mungu anajua. Nikasubiri nione uongo upi utachipua katika hadithi ya nani. Jumamosi iliyofuata Davis akatusomea kazi yake mpya, na kweli, katikati ya wapagazi na theluji, akapita ng'ombe mwenye pembe moja. Nilikaribia kusimama. Lakini hadithi yake ilikuwa mbaya kaka, mbaya kabisa, yule ng'ombe naye alikuwa anapanda mlima. Mtu anayeandika hivyo hawezi kuwa ndiye aliyeandika fundo la khanga upande wa kushoto. Mwizi alikuwa, ila mwizi wa kuku, na mimi nilikuwa natafuta aliyebeba nyumba.

Ikafika siku ya kuijadili hadithi ya Mwana wa Mfereji. Kila mmoja alikuwa na nakala na wote walikuwa wameisoma mpaka mwisho, isipokuwa mimi. Nilikuwa nimekula yamini sitaimaliza. Mwalimu Antoni akasema hii ndiyo bora kuliko zote zilizoletwa, ila mwandishi hajui Kiswahili chake sawasawa, amechanganya kusamehe na kusahau tangu kichwa cha habari, kwa hiyo mchapaji, yaani mimi, niende nikalirekebishe neno hilo kila lilipo. Davis akakubali, akasema ni kosa la steshenari. Stella akasema ukurasa wa kwanza ni kosa lakini mwishoni si kosa, kwa sababu yule mama ameshaugua na kweli amemsahau binti yake, muuguzi anaijua hali hiyo. Mwantum akauliza kwa sauti ya chini, na kama ni yote mawili je? Mwalimu akamjibu kwamba neno haliwezi kuvaa kofia mbili. Mwantum akasema hilo ndilo linalomliza binti.

Mimi sikuwa nasikiliza hadithi, nilikuwa nasikiliza watu. Nilingoja nani atalitetea neno lile kama mali yake. Davis alilitupa. Stella alilikata nusu. Ni Mwantum peke yake aliyelishika kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, nimekupata mama wa mapazia.

Kesho yake nilishuka Pasua. Nilimkuta dukani kwake anakunja mashuka, akaniwekea kiti na chai ya tangawizi kabla sijafungua mdomo. Nikamuuliza waziwazi ni nani aliyempa habari za mama yangu. Akacheka, si kwa dharau. Akasema yeye hamjui mama yangu, na mlimani hajawahi kupanda kupita Kiboriloni sokoni. Akasema angeandika yeye hadithi kama ile angeshafunga duka akae nyumbani kungoja kusifiwa. Halafu akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, kwa kuwa nimeyarudia kichwani mpaka yamechakaa: dada Yuditha, huyu hashindani, huyu anauliza swali. Na anayeulizwa si Mwalimu. Akaniuliza kama nimeisoma mpaka mwisho. Nikamwambia hapana. Akaweka shuka chini akasema, basi umekuja kumkamata mtu ambaye hujamsikiliza.

Nilirudi ofisini mchana ule ule, Jumapili, nikamwomba mlinzi ufunguo. Nikakaa kwenye mashine nikaanza kuichapa kutoka mwanzo, maana mimi nikichapa ndipo nasoma kweli, vidole havirukii mstari. Na sasa nakuandikia kilichokuwa kwenye ukurasa wa mwisho.

Binti amerudi nyumbani alasiri moja, kwa kupitia njia ya chini migombani ili asionwe na mtu. Shangazi mtu ameenda kukata majani ya ng'ombe. Mama amekaa nje kwenye kigoda, anapukuchua maharage. Binti amepiga magoti na kumpa jani la isale kwa mikono miwili, kama mila inavyotaka mtu anapoomba radhi, na jani lile limefungwa fundo kwa uzi mwekundu wa neti ya vitunguu, kwa kuwa alipolichuma njiani kwa haraka jani lilichanika, akalifunga kwa alichokuwa nacho mfukoni. Mama analipokea. Analigeuza huku na huku. Anamuuliza binti, wewe ni mtoto wa nani? Binti anataja jina. Mama anapiga ulimi, anamtazama, anasema: nimekusahau. Kisha anarudi kwenye maharage yake. Na binti anaondoka kwa njia ile ile ya migombani, hajui kama amesamehewa au amefutwa. Hadithi inaishia hapo, binti yuko kwenye mfereji ananawa uso, na bado hajui.

Niliacha kuchapa. Watu wanasema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimeyapekua mavazi ya watu wote isipokuwa yangu. Nani alikuwepo alasiri ile? Mama na aliyepiga magoti, basi. Davis hakuwepo, Stella hakuwepo, hata shangazi hakuwepo. Mama amekufa na hadithi haandiki. Na uzi wa neti ya vitunguu hautoki Mwika, kaka. Kwetu hatulimi vitunguu.

Ni wewe. Umeigeuza kahawa ya Baba, uliyoing'oa mpaka Mama akakufukuza, ukaifanya ng'ombe, ukajigeuza na wewe, ukajificha ndani ya gauni langu, ukalisikia jina langu redioni ukajua hadithi hii lazima ipite mikononi mwangu. Wewe, uliyekuwa unanilipa ndizi mbivu nikuandikie insha za shule. Nilicheka peke yangu mle ofisini mpaka mlinzi akaja kuchungulia, na alipochungulia akanikuta nalia.

Sasa nisikilize, kwa sababu kuna jambo ambalo wewe hulijui, na mimi nilikuwa nalijua bila kujua kwamba nalijua.

Jani lile nililiona. Nilikuwa napanda kila mwisho wa wiki kumwogesha Mama na kumbadilisha nguo, na wiki moja nikakuta kwenye pindo la khanga yake, pale alipozoea kufunga vitu vyake, kuna kitu kimefungwa. Nikafungua, nikakuta isale yenye uzi mwekundu. Unanijua mimi. Nilishuku papo hapo. Nilisema kuna mtu ameweka dawa, na nikamshuku mama yake Davis, tukanuniana wakati wote wa mavuno bila yeye kujua kosa lake. Nilitaka kulitupa. Mama akanishika mkono, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo, akalichukua, akalifunga mwenyewe kwenye khanga safi niliyomvika. Nikamuuliza ni la nini. Akasema ni la mwanangu, nimemsahau.

Wakati ule nilidhani ni ugonjwa unaongea. Nikamwambia ndiyo Mama, umetusahau sote, nikaendelea kufua.

Lakini wiki iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata. Kaka, mwisho wake Mama alinisahau hata mimi niliyemwogesha. Aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Alisahau kama amekula akiwa bado ameshika kijiko. Alisahau njia ya kutoka jikoni kwenda kitandani. Lakini kila nilipomvua khanga chafu, vidole vyake vilienda vyenyewe kwenye pindo, vikafungua fundo, vikatoa lile jani na kulihamishia kwenye khanga safi. Hakuwahi kuliacha hata mara moja. Lilikauka, likawa kama karatasi, na bado alilihamisha. Mwalimu Antoni anatuambia tusiseme mtu anahisi nini, tuangalie mikono yake inashika nini. Basi nimekwambia mikono ya Mama ilishika nini.

Ulimuuliza swali kwenye kigoda akakujibu, ila hukulisikia jibu kwa kuwa kabla yake alikuuliza wewe ni mtoto wa nani. Uso wako ulimpotea, hilo ni kweli, sitakudanganya. Lakini alijua ameshika isale na alijua isale ni kitu gani. Alikusahau kama alivyotusahau siku ya kibuyu. Unamkumbuka Baba alivyonyamaza? Na wewe nyamaza sasa. Imetosha.

Na mimi niseme la kwangu, maana barua hii si ya kumsemea Mama peke yake. Nilikuwa na hasira nawe. Si kwa kahawa, kahawa ni miti. Niliudhika kwa kuwa uliniachia Mama peke yangu, na siku ya mazishi ulisimama kule kwenye migomba pamoja na wageni, ukaondoka hata chakula hujagusa, mimi nikabaki kuwajibu watu. Nilisema moyo wako umekuwa mgumu. Kumbe ulikuwa unasimama mbali kwa kuwa ulidhani umefutwa. Nimekuonea huruma, kisha nikakukasirikia tena kidogo, kwa sababu ungeweza kuniuliza tu.

Kuhusu neno. Jumamosi iliyopita nilimwambia Mwalimu Antoni kwamba sitalirekebisha. Akasema kitabu kitachekwa. Nikamwambia mimi ni mchapaji wa hati, najua tofauti ya kosa na ushahidi. Alishika kidevu, akasoma ukurasa wa mwisho tena, akasema liache. Mwantum akanisogezea mfuko wake wa karanga. Nadhani anajua. Safari hii simshuku kwa ubaya. Jina lako sijamwambia mtu yeyote na sitasema mpaka uniruhusu, hivyo niambie tuandike Mwana wa Mfereji au Efraimu. Ila ukiniruhusu nitakupunguzia ile sehemu ya katikati ya safari ya mnadani. Ni ndefu, na umeandika "ghafla" kila mahali kama mtu anayenyunyiza chumvi gizani.

Jani usilitafute ndani ya bahasha hii, halimo. Wewe mila unaijua kuliko mimi: isale ikirudishwa kwa aliyeileta, imekataliwa. Siku tulipomvika Mama kwa ajili ya safari yake, shangazi Eliona alilikuta kwenye pindo akataka kulitupa motoni. Nikamnyang'anya nikalifunga pale pale, upande wa kushoto. Sikujua kwa nini nafanya hivyo, labda ukaidi tu. Kazikwa nalo. Kile ulichompelekea kimekaa kwa mwenyewe.

Krismasi njoo nyumbani. Pita njia ya juu, ya barabarani, watu wakuone. Msalimie wifi Elizabeth sana, mwambie asikukubalie visingizio vya maji ya zamu, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Shangazi Eliona anakusalimia, ingawa yeye hajui kama anakusalimia. Ukimwona Wilson amenuna baada ya kukukabidhi hii, jua gundi ilimshinda.

Kaa salama, kaka.

Ni mimi mdogo wako, niliyekusahau tangu zamani,

Yuditha